Je, Kuthibitisha ni Kumdhania Mtu Vibaya?



Ramadhani ya mwaka juzi nilikuwa mweka hazina wa futari katika msikiti wa chuo chetu hapa Kampala. Kazi yenyewe si kubwa. Unakusanya michango, unanunua tende, sukari, mchele, unga na maharage, unamlipa mama anayetupikia, na unaandika kila kitu kwenye daftari. Wengi walitoa shilingi 10,000, wachache walifika 50,000, na kulikuwa na ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza aliyeleta 2,000 mkononi akaomba radhi kwa uchache wake. Pesa zote niliziweka kwenye laini yangu ya simu, ile ile ambayo mama yangu hunitumia pesa za matumizi kutoka Arua. Ilipofika siku ya kumi na moja ya mfungo, mfuko ulikuwa umebakiwa na 870,000. Siku hiyo hiyo, baada ya swala ya alasiri, nilimtumia tapeli 650,000 kwa mkono wangu mwenyewe.

Ujumbe uliingia kwanza. Ulisema nimepokea shilingi 650,000, ukataja jina la aliyetuma na salio jipya, vile vile kama zinavyoandikwa jumbe za kampuni. Haikupita dakika, simu ikalia. Siku zile anayenipigia alikuwa akisikia kaswida kabla sijapokea, kwa hiyo mpigaji alikwisha kunijua dini yangu nikiwa bado sijasema neno. Akanipa salamu kamili. Akaniita ndugu yangu. Akasema amekosea tarakimu moja, pesa zile ni za kumtoa mama yake hospitalini, na kwamba amepiga akiwa hana tumaini kwa sababu watu wa siku hizi pesa ikishaingia hawarudishi. Aliapa kwa jina la Allah mara tatu. Akaomba nizirudishe kwa namba ya dada yake aliyeko pale pale wodini, maana simu yake yeye inakaribia kuzima.

Nilipoingiza namba ile, simu ilinionyesha jina la mwanamke. Sikulisoma hata mara ya pili. Nikaweka namba yangu ya siri, pesa zikaenda. Na niseme ukweli ambao ndio ulionisukuma kuandika makala hii: nilijisikia vizuri. Nilijisikia kama mtu aliyetoka kufanya ibada. Nilikwenda kutawadha kwa magharibi nikiwa na furaha kwamba leo Allah amenijaribu kwa amana na nimefaulu.

Dukani kwa muuza mchele salio lilikuwa laki mbili na elfu hamsini na kitu. Nikarudi kuutazama ule ujumbe. Ulikuwa umetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, wala haukutoka kwa kampuni. Hakuna shilingi iliyoingia. Nilichotuma kilikuwa futari.

Kampuni ilinijibu, baada ya muda mrefu wa kusubiri kwenye simu, kwamba pesa zimekwisha kutolewa kwa wakala. Polisi waliniandikia karatasi. Hapa kwetu mtu wa namna hii anaitwa mufere, neno la Kiganda ambalo hata sisi tuliotoka West Nile na Kiswahili chetu tumelichukua kwa sababu tunalihitaji kila wiki.

Ndugu wa kamati walinipokea kwa upole ambao sikuustahili. Amiri wetu alisema ni kadari ya Allah, na kwamba nitalipwa kwa nia yangu. Lakini bwenini nilisikia maneno mengine. Mtu wa mwaka wa tatu, anasomea hesabu, anatapeliwa kwa ujumbe wa kubuni? Mmoja alisema waziwazi kwamba mjinga hapewi hazina. Nimekaa na kauli hizi mbili zaidi ya mwaka sasa, ile ya amiri na ile ya bwenini, na naona zote mbili zimekosea, tena zimekosea kwa namna moja. Zote zinatazama moyo wangu tu: mmoja anausifu na mwingine anaucheka. Hakuna aliyeitazama pesa ilikuwa wapi, ya nani, na ilitokaje.

Kwanza niliondoe jambo moja njiani. Tunapozungumzia utapeli wa mitandaoni, tumezoea kusema kwamba tamaa ndiyo iliyomponza mtu. Mara nyingi ni kweli. Hapa Uganda watu walinunua OneCoin kwa kuambiwa ni sarafu ya kidijiti itakayowatajirisha, ikiuzwa na rafiki kwa rafiki, jamaa kwa jamaa. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017 na hadi leo anasakwa. Desemba 2019 kampuni ya Dunamiscoins ilifunga milango na kuwaacha vijana wengi, wanafunzi wakiwemo, wakilia na ada zao. Huko mtu aliahidiwa faida isiyo na kazi na isiyo na hasara, na Mwislamu aliyesoma hata kidogo mlango wa riba na gharari alikuwa na sababu ya kusita kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini tapeli wangu hakunitamanisha kitu. Aliniomba nirudishe kisicho changu. Chambo chake kilikuwa amana. Angempigia mtu asiyejali haki za watu, angekatiwa simu. Mtego ule umetengenezwa kumnasa mwema na kumwacha mwovu apite, na hilo ndilo lililonisumbua usiku. Je, dini yangu ndiyo iliyoniingiza shimoni? Na nikijifunza kutomwamini anayelia kwenye simu, nitakuwa nimepata akili au nimepoteza kitu?

Katika Sura ya Al-Hujurat kuna aya mbili ambazo tunazisoma sana lakini mara chache tunazisoma pamoja. Aya ya 12 inatukataza kukithirisha dhana, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Aya ya 6, katika sura hiyo hiyo fupi yenye aya 18, inatuamrisha tukijiwa na habari na mtu fasiki tuichunguze, tusije tukawadhuru watu bila kujua kisha tukajuta. Mimi niliishika ya 12 nikaiacha ya 6. Niliona kwamba nikimwambia yule mtu asubiri nitazame salio langu, nitakuwa nimemwita mwongo, ilhali ameapa. Mtu atasema: lakini aya ya 6 inamtaja fasiki, na wewe hukumjua kuwa fasiki. Sawa. Lakini sikumjua kuwa mwadilifu pia. Sikumjua kabisa. Nilichokuwa nacho ni sauti.

Imepokewa kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) alipoletewa mtu wa kumthibitisha shahidi, alimuuliza kama ni jirani yake anayejua kuingia na kutoka kwake, akasema hapana. Akamuuliza kama amesafiri naye, akasema hapana. Akamuuliza kama amefanya naye biashara ya dinari na dirhamu, akasema hapana. Basi Umar akamwambia kuwa huenda amemwona msikitini tu akiinama na kuinuka, na kwamba hamjui. Nilikuwa nimekisikia kisa hiki tangu madrasa Arua, na siku zote nilidhani kinahusu wanafiki. Sasa naona kinahusu elimu: kuna mambo yanayokupa haki ya kusema namwamini fulani, nayo ni ujirani, safari na mali. Salamu nzuri haimo, na kiapo kwenye simu hakimo. Kumbe dhana njema na uaminifu ni vitu viwili. Dhana njema namdai nimpe kila Mwislamu, yaani nisimhukumu kwa ubaya ambao sikuuona. Lakini kumkabidhi mali, tena mali ya watu, kunataka ujuzi. Ningeweza kumdhania wema yule mpigaji na bado nikatazama salio. Kutazama salio hakumhukumu yeye. Kunahukumu kama pesa imeingia au haikuingia.

Dalili iliyonituliza zaidi niliipata mahali ambapo sikutarajia, kwenye mlango wa fikihi unaohusu kitu kilichookotwa, lukata. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu pesa iliyookotwa, aliamrisha aliyeiokota aujue mfuko wake na kamba iliyofungia, kisha aitangaze mwaka mzima. Mbona ajue mfuko na kamba? Ili atakapokuja mtu akisema ni yangu, aulizwe: mfuko wake ni wa namna gani, umefungwa kwa nini? Tazama basi. Kurudisha mali ya watu, ibada ile ile niliyodhani nimeifanya kwa haraka yangu, sharia imeiwekea uthibitisho ndani yake. Anayempa wa kwanza kudai hajarudisha amana, maana huenda mwenyewe anakuja nyuma. Haraka yangu haikuwa ziada ya ucha Mungu. Niliruka hatua, tena ile ya kwanza, kwa kuwa hata mfuko wenyewe haukuwapo.

Kwa hiyo ile kauli ya amiri, kwamba nitalipwa kwa nia, sikuitegemea sana. Nilikwenda kwa sheikh anayetusomesha Jumamosi. Nilitegemea aniulize kuhusu yule tapeli. Hakumuuliza hata kidogo. Aliniuliza: "Mwanangu, kwenye ile laini, ungeweza kunionyesha ipi ni shilingi ya futari na ipi ni shilingi ya mama yako?"

Nikasema hapana, zilikuwa pamoja, ila kwenye daftari nilijua hesabu.

"Ulipata kula chochote katika zile pesa?"

Nilitaka kusema hapana. Kisha nikakumbuka kwamba mara mbili usiku, kabla ya daku, nilinunua chapati ya mayai, ile tuiitayo rolex, kwa shilingi 2,000, nikilipia kwa simu, huku pesa za mama zikiwa bado hazijafika. Nilizirudishia kwenye daftari zilipofika. Sheikh akanyamaza kidogo, akanieleza hukumu ya wadia. Mwenye kuwekewa amana halipi ikipotea bila kosa lake, kwa sababu mkono wake ni mkono wa amana. Lakini akifanya uzembe au akivuka mpaka, mkono wake unageuka na anakuwa mdhamini. Na wengi katika mafakihi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, wamehesabu kuichanganya amana na mali yako mpaka isitofautike kuwa ni katika kuvuka mpaka, ila kama wenye mali waliridhia. "Waliridhia?" akauliza. Nikasema kamati ilijua. "Sikukuuliza kamati."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba msamaha niliopewa ulikuwa na tundu. Waliosamehe walikuwa watu 7. Waliotoa walikuwa zaidi ya 90. Yule ndugu wa 2,000 hakuulizwa na mtu kama ananisamehe, wala hakujua kama pesa yake ililala na pesa ya mama yangu. Kiongozi anaweza kusamehe haki yake. Haki za wengine si zake azisamehe. Sheikh hakuniambia lipa wala usilipe. Alisema tu kwamba mimi ndiye ninayejua ile laini ilikuwaje. Nililipa kwa miezi minane, kwa kufundisha hesabu watoto wa sekondari jioni, na pesa zikaenda kwenye mfuko wa Ramadhani iliyofuata.

Ninachotaka ndugu wasomaji wakione ni kwamba kosa langu kubwa halikuwa kwenye ile simu ya dakika nne. Lilianza siku ya kwanza nilipokubali mali ya watu 90 ikae kwenye laini ya mtu mmoja, inayofunguka kwa namba moja ya siri aijuayo mtu mmoja, bila shahidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Wanaoambiwa humo ni walioamini. Haikuteremshwa kwa ajili ya soko la wezi. Hata mwema na mwema mwenziwe wakikopeshana kwa muda, waandike. Wala hakuna sahaba aliyesema kuandikiana ni kuvunjiana heshima. Sisi tunasema. Ukimwambia ndugu yako wa jumuiya, "Naomba tuwe wawili kwenye akaunti hii," anakutazama kama umemwita mwizi, na wewe unajirudi haraka, "Hapana, nakuamini, nakuamini." Jumuiya nyingi za wanafunzi zimejengwa juu ya aibu hiyo. Mwaka huu sisi tuna laini ya mfuko peke yake, iliyo mbali na simu ya mtu yeyote. Namba yake ya siri anayo mmoja, simu yenyewe anakaa nayo mwingine, na daftari liko kwa dada wa tatu. Kuna wanaotucheka. Waache wacheke.

Lakini sitaki kuishia kwangu, maana hapo nitakuwa nimesema yale ambayo kampuni hupenda tuseme. Kila wiki tunapata ujumbe: usimpe mtu namba yako ya siri, jihadhari na matapeli. Maneno mazuri, ila yote yanaelekezwa kwa mnunuzi. Sasa tazama Mtume (s.a.w.) alivyofanya sokoni. Alipita kwenye rundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Hakuwageukia wanunuzi akawaambia wawe wanatia mikono. Alimuuliza mwenye chakula, ni nini hiki? Akaambiwa ni mvua. Akamtaka akiweke kilicholowa juu, watu wakione, na akamtoa mdanganyifu katika safu yetu. Aliyeulizwa alikuwa mwenye rundo.

Na kuna mtu mwingine katika hadithi ambaye tangu siku ile nampenda kama ndugu yangu. Alikuwa akidanganywa kila anaponunua. Katika baadhi ya riwaya, jamaa zake walikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kuomba azuiwe kabisa kufanya biashara, naye mwenyewe akasema hawezi kukaa bila kuuza na kununua. Hilo ni bweni letu kabisa: mjinga hapewi hazina, atolewe. Mtume (s.a.w.) akampa neno la kusema anaponunua, kwamba pasiwe na hadaa, na imepokewa pia kwamba alipewa hiari ya siku tatu kurudisha alichonunua. Aliyekuwa dhaifu hakutolewa sokoni. Soko ndilo lililoambiwa limpe nafasi. Vivyo hivyo ngamia au mbuzi aliyeachwa bila kukamwa siku kadhaa ili kiwele chake kionekane kimejaa: aliyemnunua ana hiari, na katika riwaya moja hiari hiyo ni ya siku tatu. Hakuambiwa, "Si ulimwona kwa macho yako?"

Linganisha na pesa za simu. Zilianza hapa Uganda mwaka 2009, na sheria mahsusi ya mifumo ya malipo ilikuja 2020, miaka 11 baadaye, ikiweka huduma hizi chini ya Benki Kuu. Sheria ya 2011 ya matumizi mabaya ya kompyuta tayari ilikuwa inautaja udanganyifu wa kielektroniki kuwa kosa. Sheria zipo. Lakini mimi mtu wa hesabu najiuliza swali dogo: kwa nini 650,000 kwenda namba ambayo sijawahi kuitumia hata mara moja iende kwa sekunde ile ile sawa na 5,000 ninayomtumia mama? Mafakihi wetu walijadili sana hiari ya majlisi, yaani haki ya kurudi nyuma kabla wawili hawajaachana. Kwenye simu tunaachana saa ngapi? Kidole kikiinuka tu? Saa moja ya kusubiri kwa pesa kubwa kwa namba ngeni isingemwumiza mtu mkweli, na tapeli ingemmaliza, kwa sababu biashara yake yote ni haraka. Najua wafanyabiashara wataona usumbufu. Lakini kampuni ikichukua ada kwa kila pesa inayopita, basi nayo ina rundo lake la chakula, na ina mkono wa kutia ndani.

Halafu kuna jina lile la mwanamke lililotokea kwenye simu yangu. Laini haisajiliwi bila kitambulisho na alama ya kidole, kwa hiyo jina lile ni la mtu wa kweli. Huenda ni tapeli mwenzake. Huenda pia ni bibi wa kijijini ambaye siku alipokwenda kusajili laini yake, kijana wa wakala alimwambia, "Jjajja, kidole hakikushika, weka tena," na kidole cha pili kikasajili laini ya pili asiyoijua. Wanaofanya kazi ile ya kusajili laini barabarani, chini ya mwavuli, kwa malipo ya kila laini, wengi ni vijana wa umri wetu. Wakati wa likizo baadhi yao ni sisi. Namjua mmoja aliyesali nami safu moja, aliyeniambia bila kuona haya kwamba laini iliyokwisha kusajiliwa ina bei yake na haulizwi inakwenda kwa nani. Alisema yeye hajamtapeli mtu. Nilimjibu kwa upole siku hiyo kwa sababu nilikuwa bado sijaitwa mjinga bwenini. Leo ningemuuliza kama mwenye kuuza kisu kwa mtu aliyemwambia anakwenda kuchinja mbuzi wa jirani ametoka salama.

Madrasa walitusimulia kisa cha Waarabu, cha mpanda farasi aliyemkuta mtu njiani jangwani amechoka, hawezi kutembea. Akashuka, akampandisha. Yule mtu alipokaa vizuri juu ya tandiko akampiga farasi akakimbia naye, maana alikuwa mwizi. Mwenye farasi akamwita kwa mbali, akamwomba jambo moja tu: asimwambie mtu alivyompata farasi huyu, watu wasije wakaacha kumbeba mchovu wa njiani. Nilipokuwa mdogo nilikiona kisa cha mjinga. Aliyepoteza farasi, anahangaikia nini wachovu?

Mwezi wa Shawwal, mwaka ule ule wa tukio, niliingiziwa ujumbe wa shilingi 30,000. Simu ikaja mara moja. Mwanamke, anazungumza Kiganda cha haraka, ananiita ssebo, anasema amekosea, ni pesa ya mtoto ya mtihani. Nikamwambia atafute mjinga mwingine, nikakata. Akapiga tena. Nikakata. Akapiga mara tano, nikaizuia namba yake, na wenzangu chumbani wakanipongeza kwamba sasa nimekomaa.

Usiku nilitazama salio kwa ajili ya kununua bando. Lilikuwa limezidi kwa 30,000. Ujumbe ulikuwa umetoka kwa kampuni yenyewe.

Niliifungua namba yake nikampigia. Haikupatikana. Asubuhi nikapiga huduma kwa wateja, nikaeleza, wakasema pesa zitarudi alikotumia baada ya kuthibitisha, na zikarudi jioni. Nilimtumia ujumbe wa kuomba msamaha kwa Kiganda changu kibovu. Siku ya tatu alinijibu kwa neno moja, kwamba sawa. Sikumuuliza kama mtoto alifanya mtihani.